Mama Goda, Mpagazi na Bolti Lililogoma

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Fundi Godeliva Irakoze anastaafu baada ya kuitumikia karakana ya Umoja wa Warina Asali Mtundu, hapa Kanyenye, kwa miaka thelathini na moja. Sehemu kubwa ya miaka hiyo tulikuwa tunaongea na miguu yake tu, maana mwili wote uliobaki ulikuwa chini ya gari.

Uongozi ulipotafuta mtu wa kumwandikia wasifu, wenye vyeti walianza kukuna vichwa. Kazi ikamwangukia mchomeleaji, aliyeachana na shule darasa la sita (shule ndiyo inajuta), na ambaye kila asubuhi humwamkia mstaafu huyu kwa utani, "Shikamoo, mke wangu," akajibiwa, "Marahaba, mume usiyeleta hata chumvi." Kwa hiyo mnayeyasoma maneno yake ni mtu wa ndani kabisa.

Mama Goda, kama tunavyomwita sote, alikulia Ulyankulu, binti wa fundi baiskeli. Hakuja kwetu kutengeneza magari. Alikuja kuchuja nta. Siku ya kwanza tu, nyuki mmoja, tena mdogo, akatua shingoni mwake. Waliokuwepo wanasimulia kwamba binti alipiga "Mana yanje!" ya Kirundi, yaani "Mungu wangu!", iliyosikika hadi Gongoni, akavuka uwanja bila nyayo kugusa ardhi, akatumbukia kwenye shimo la kukagulia magari. Fundi mkuu wa enzi hizo, marehemu Mzee Prosperi, akamchungulia kutoka juu, akamrushia spana. "Maadamu umeshashuka," akasema, "nifungulie hiyo nati."

Akaifungua. Kwenye nta hakurudi tena. Ndivyo Umoja wa warina asali ulivyojipatia fundi anayewaogopa nyuki kuliko binadamu yeyote mkoani Tabora. Mwenyewe anakataa. Anasema hawaogopi, anawaheshimu. Ni heshima ya ajabu hiyo, inayomfanya mtu aruke dirisha. Na kwa kuwa desturi yetu ni kumpa mstaafu mizinga yenye nyuki wake, alipoulizwa tumpelekee wapi alijibu haraka kwamba ibaki huko huko porini Ipole, yeye atumiwe asali.

Kazi zake zimetapakaa. Mafundi aliowalea wana gereji zao Nzega, Igunga na Urambo, na wote wana kovu moja la maneno yake. Alitufundisha kwamba bolti la zamani haliendewi kwa nguvu. Kwanza unalisafisha kwa brashi, unalimwagia mafuta, unaliambia "shikamoo" kwa sauti, kisha unaliacha lifikirie wakati wewe unakunywa chai. Mgeni atadhani ni mchezo. Aliyeruka hatua ya shikamoo na kulivamia kwa bomba refu, bolti likamkatikia mkononi, anajua ni kanuni ya kazi. Mama Goda alikuwa anamwambia, "Umemkuta mzee amekaa, hujamsalimia, unamvuta shati. Ungekuwa wewe usingekatika?"

Lakini kuna bolti moja ambalo lilikataa salamu, na bila kulisimulia, wasifu huu ungekuwa wa fundi mwingine.

Tuna pikapu inayoitwa Mpagazi. Ni kuukuu, imechoka rangi, na mlango wake mmoja hufungwa kwa kubembelezwa. Ila ndiyo gari pekee linalopenya kati ya miti hadi kwenye kambi za warina kule Ipole. Lori jipya ni pana, linaishia barabarani na kupiga honi. Na ile nati ya kwanza ya shimoni ilikuwa ya gari hili hili.

Mwezi Oktoba, dereva wetu Sayi alirudi nalo likivuta kushoto kama ng'ombe aliyeona mahindi ya jirani. Tairi la mbele lilikuwa limelika upande wa ndani hadi nyuzi zinaonekana. Sayi alieleza kwamba kisiki kilikuwa kinavuka njia. Hatukumbishia, tulicheka tu mpaka tukakaa chini.

Kwa wasioijua miguu ya gari: mkono wa chini unaobeba tairi la mbele hushikwa kwenye chesesi, yaani fremu ya gari, na mabolti mawili manene, kila moja na kisahani chake, nacho kimetobolewa pembeni badala ya katikati. Ukilizungusha bolti, kisahani kinausukuma mkono nje au kuuvuta ndani, na tairi linasimama wima. Moja la Mpagazi lilikuwa limepinda kwa kile kisiki na kushikana na bushi yake, lile bomba lenye mpira linalolizunguka, kwa kutu ya miaka. Halikuzunguka, halikutoka, na tairi likawa linainama linavyojisikia.

Mwenyekiti wetu, Mama Eustadia, akatoa uamuzi. Kama Mpagazi hatanyooka kabla Mama Goda hajastaafu, anauzwa chuma chakavu, kwa sababu baada ya hapo hatabaki mtu wa kumvumilia. Mnunuzi alishafika, akampapasa kama mbuzi wa mnadani.

"Mkimuuza," Mama Goda alimwambia mwenyekiti, mikono kiunoni, "warina watarudi kubeba ndoo kichwani kama misafara ya zamani. Na wewe utatangulia na ngoma."

"Basi mnyooshe," akajibu mwenyekiti.

Shikamoo zilimwagika, mafuta yakamwagika, chai ikanywewa. Bolti kimya. Moto wa gesi ungeunguza mpira wa bushi na mtandao wote wa mabomba ya breki. Mama Goda akaamua kulikata. Alipenyeza msumeno wa chuma kwenye upenyo kati ya bushi na chesesi, akalala chali, akakata taratibu upande huu, akahamia upande ule, huku akiliimbia pambio za kanisani. Lile la pili likafunguka kwa shikamoo moja tu, mkono ukashuka. Kumbe hata masikio ya chesesi yanayoshika bolti yalikuwa yamepinda. Hapo ndipo mchomeleaji aliyetajwa hapo juu, wa kwanza kwa ubora wilayani, alipoitwa kuyapasha moto hadi yakawa mekundu, naye Mama Goda akayagonga, akipitisha fimbo ya chuma iliyonyooka kwenye matundu yote mawili mpaka ikapita bila kukwaruza. Mabolti mapya yakaletwa na basi kutoka Mwanza. Yalikuwa hayo tu, dukani hayakubaki mengine.

Sasa, sisi ni karakana ya warina. Bolti jipya hatulipaki grisi peke yake, tunalipaka nta iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, maji yasipite na kutu isishike. Ni lazima iwe nta safi, iliyochujwa. Siku ya jaribio la mwisho, mwenyekiti akiwa njiani kuja, mtunza stoo wetu, Tatu, alikuwa msibani na ufunguo wa stoo yenye nta safi. Mama Goda hakutaka kungoja. Akachukua donge la masega machafu, asali bado inang'aa ndani yake, akaliweka kwenye kopo juu ya jiko la mkaa. Tulimwonya. "Nta ni nta!" akasema.

Kabla ya mvua, maua hapa mjini ni ya kutafuta. Harufu ile ya asali ya moto iliwaita nyuki wa Kanyenye nzima. Bolti la kwanza lilishaingia, la pili lilikuwa nusu, wingu likashuka. Sayi alipanda paa. Mchomeleaji alijifungia kwenye kibanda cha mitungi, kwa sababu za kiusalama. Mama Goda alitumbukia kwenye shimo la jirani la kukagulia magari na kujifunika turubai.

Ngollo, mrina wetu, akatumwa kuleta kifaa cha moshi. Tukatulia, kila mtu kwenye ngome yake. Ndipo Sayi akapiga kelele kutoka juu: "Mama Goda! Jeki linashuka!"

Kweli lilikuwa linashuka. Jeki lile la maji limezeeka, na lilikuwa limebeba mkono wote wa tairi. Likishuka, uzito ungelilalia bolti lililoingia nusu na kulipinda, na Mpagazi angekwenda kwa mnunuzi jioni ile ile.

"Ngollo yuko wapi?" sauti ikauliza chini ya turubai.

"Bado!"

Kisha turubai likainuka lenyewe kutoka shimoni, likatembea. Ndani yake sala ya Kirundi ilikuwa inakwenda mbio. Likafika kwenye pikapu, mkono mmoja ukatoka na kupampu jeki hadi mkono wa tairi ukarudi mahali pake. Mkono wa pili ukatoka na nyundo. Nyuki walikuwa wamejaa kwenye vidole vyake. Aligonga, akagonga, bolti likapita hadi mwisho, akaifunga nati, ndipo akasema "Mana yanje!" kwa nguvu zilezile za ujana wake na kukimbia na turubai lote hadi barabarani.

Ngollo alipowafukuza nyuki kwa moshi, Mama Goda alirudi, pua imevimba kama kiazi. Akanyoosha uzi kando ya matairi, akaning'iniza timazi, akazungusha visahani kidogo kidogo mpaka akaridhika. Hakuna aliyethubutu kucheka. Tulicheka kesho yake.

Mwenyekiti alifika, akapanda mbele. Kwenye kipande kilichonyooka cha barabara ya Sikonge, Mama Goda aliyekaa nyuma akagonga paa: "Sayi, achia usukani!" Sayi akainua mikono yote miwili. Mama Eustadia akaanza Salamu Maria. Mpagazi akaenda mbele, akaenda, wala hakutazama shamba la mtu.

"Shika, Sayi, shika! Nimeona!" mwenyekiti akalia. "Hauzwi!"

Jumamosi, baada ya sherehe, Mpagazi ndiye atakayempeleka Mama Goda nyumbani Ulyankulu na kitanda chake, kuku wake na mabati ya nyumba mpya. Jumatatu Mpagazi ataingia Ipole kuchukua ndoo za warina.

Mama Goda, tunakushukuru kwa kazi, kwa matusi mepesi na kwa ujasiri ambao hatukutarajia kuuona. Ulale mpaka jua likuchoke. Ule mboga isiyonukia dizeli. Goti lako la kushoto likusamehe. Ukitukumbuka, njoo. Ukitusahau tutakuja sisi, na tutakuja na njaa.

Samweli Limbu, mchomeleaji, kwa niaba ya karakana