Saa ya Almasi na Kinga ya Mzee Lukeba

Baada ya miaka thelathini na minne katika kiwanda chetu cha mawese hapa Rumonge, Mzee Lukeba Modeste anastaafu rasmi tarehe 31 Desemba 1972. Direksyo ya kiwanda imeniomba mimi Assumani, karani wake, niandike ukurasa mmoja wa furaha. Basi nitajitahidi.

Alitoka Uvira mwaka 1938, akaajiriwa kubeba mikungu ya michikichi. Baada ya miaka miwili akawekwa penye mzani, na hakuondoka tena. Akina mama wanaoleta mikungu kutoka Bugarama hugombana na mzani, si naye.

Kasoro yake ni moja tu: mawese. Anapaka kila kitu kisishikwe kutu wala kuibwa. Amepaka bawaba za milango, redio ya jirani, visigino vyake mwenyewe. Aliipaka na mashine yangu ya chapa, na tangu siku hiyo barua za kiwanda zinakwenda Bujumbura na madoa.

Julai 1962, wiki ya uhuru, direkta wetu wa wakati huo, Bwana Verlinck, akirudi Ulaya aliogopa kupekuliwa uwanja wa ndege na wenye nchi yao. Kwa hiyo, ili saa yake isiangukie mikononi mwa watu weusi, alimkabidhi Lukeba. Akasema atatuma mtu aichukue baada ya wiki mbili. Lukeba aliapa kuitunza, akaipaka mawese hadi vijiwe vyake vikawa vyekundu, akaivaa. Wiki mbili hizo zilikuwa miaka kumi. Sote tulijua vijiwe hivyo ni shanga tu, tukamtania kwamba mzungu alimwachia pambo la mke wake.

Nafika sasa kwenye matukio ya mwaka huu, kama Direksyo inavyopenda tuyaite. Mashemeji zangu wawili waliitwa mwezi wa tano kwenda kutoa maelezo, na maelezo yao hayajaisha hadi leo. Mwamini mke wangu naye akaanza kuulizwa maswali. Ilibidi avuke ziwa na watoto wetu wawili. Cikuru mwenye boti alikuwa na nafasi za mama na watoto tu, na hakuwa anavusha mtu bure. Mimi sikuwa na kitu cha kumpa.

Asubuhi moja ya mvua kubwa, askari wakiwa wamejikinga, Lukeba alitusindikiza ufukweni na kinga yake, baiskeli aliyoinunua kwa miaka mingi ya kujinyima. Bila kuniambia neno akavua saa, akampa Cikuru. Cikuru aliigeuzageuza, akajifuta vidole kwenye suruali.

"Shanga za wanawake iko mingi kwangu, muzee. Lete kinga."

Lukeba akamwachia kinga. Boti ikaondoka, nikalia kama mtoto, sioni haya kuliandika hilo. Yeye akavaa shanga zake, tukarudi kazini kwa miguu. Tangu siku hiyo anatembea saa mbili kuja na saa mbili kurudi, na hajachelewa hata mara moja.

Oktoba ikaja barua ya Bwana Verlinck, na mjumbe wake kutoka Ulaya. Mjumbe aliisugua saa kwa leso na spiriti, zikatokea almasi thelathini na nane. Alisema iliundwa na fundi mmoja peke yake, nyumbani kwake, asiye na kampuni, aliyetengeneza saba tu maishani. Kisha akajikalia kwenye mzani. Lukeba, kwa mazoea, akatangaza: kilo themanini na moja. Nikaandika.

Shukrani ya Bwana Verlinck imefika juzi: picha yake mwenyewe, amevaa saa ile. Nayo Direksyo, kwa desturi yake nzuri kwa wastaafu, leo inamkabidhi Mzee Lukeba zawadi ya saa. Mimi nilipendekeza kinga. Nilijibiwa kwamba kinga haina heshima.

Nimemuuliza kama angempa Cikuru ile saa iwapo angejua ni almasi, hali alimwapia mwenye saa kuitunza. Alinishangaa. Alisema kiapo alikuwa amekivunja tayari alipoivua mkononi, na kwamba Cikuru ndiye aliyemrudishia kiapo pamoja na saa.

Mwamini ameandika kutoka Kigoma. Watoto wameanza shule. Wanamuuliza kila siku babu wa kinga yuko wapi.

Mzee Lukeba, murakoze cane kwa kila kitu. Pumzika kwa raha, ule vizuri, uwaone wajukuu wa Uvira. Kinga iliyoegemea mzani asubuhi hii nimeinunua mimi, na kuanzia leo ni yako. Tafadhali ipake mawese mengi, isije ikapendeza macho ya mtu.