Jonan Thembo na Kahawa Inayokunywa Hewa

Ka! Hivyo ndivyo ilivyolia punje ya kahawa kati ya meno ya Mzee Jonan Thembo siku nilipofika Bwera mara ya kwanza, na mlio huo haujanitoka. Kahawa iliyokauka vizuri hulia hivyo. Tarehe 31 Julai, baada ya miaka ishirini na minane katika ghala la chama chetu cha ushirika, anastaafu. Meno yake, asema mwenyewe, yalianza kustaafu mapema.

Alianza kwa kupakua magunia ya wakulima wa Maliba, akawa mlinzi, kisha msimamizi wa ghala. Mimi nilikuja na shahada, kipima unyevu na neno moja: haigroskopiki. Nililieleza mpaka wapakuzi wakaketi. Ni sifa ya kitu kinachovuta unyevu wa hewani hata bila kuguswa na tone la maji, kama kahawa kavu au chumvi ya Katwe. Sikujua namkabidhi mtu silaha.

Tangu hapo kila kitu kikawa haigroskopiki: biskuti za ofisini, soksi zake, hata turubai linalovuja. Mbele ya wageni kutoka Kampala nilimsahihisha kwa ukali kwamba turubai halivuti unyevu, limetoboka. Wageni wakaandika hilo. Ndilo jambo pekee waliloandika kuhusu idara yangu ya ubora.

Mwaka huu neno lilipata kazi ya kweli. Kamati ilitaka kumkodisha Mama Sylvie, mfanyabiashara wa Butembo, nusu ya ghala aweke samaki wa chumvi kutoka Kasenyi. Mwenyekiti wetu, Afande Tefiro, akauliza kavu na kavu zitagombania nini. Mzee Jonan akajibu kwamba mvua zikianza, samaki na kahawa vyote vitakunywa unyevu wa hewani, samaki atatoka jasho, kahawa itaota ukungu, na jasho la wakulima litamwagwa shimoni.

"Muzee, samaki yangu iko mukavu kuliko wewe!" Mama Sylvie akamrushia.

"Basi hata mimi msiniweke karibu na kahawa."

Kamati ikaangua kicheko, ikaahirisha uamuzi hadi Mzee Jonan atakapostaafu. Mimi mwenye shahada? Nilikuwa nyuma, bado natafuta grafu ya unyevu.

Mzee Jonan, asante kwa kulinda kazi ya watu wengi usiowahi kuwaona. Nenda nyumbani Maliba ukalime, ukacheke, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha.

Kamati ilikuwa ikisubiri ghala likose msimamizi wa kulitetea. Niliomba nafasi ya Mzee Jonan, nikapewa. Jumatatu niliiacha meza yangu ya ubora kule ofisi ya Kasese nikahamia Bwera, na siku hiyo hiyo nikamtafutia Mama Sylvie chumba ng'ambo ya barabara. Samaki wake wamo humo tayari.