Farasi Tisini Juu ya Ukanda wa Hamdi

Benchi la mbele ya mkahawa wangu hapa kijijini Karayamaç lina miguu mitatu na jiwe moja, na wanaolikalia wana akili za kiasi hichohicho. Siku nyingine ningesema hivyo nikacheka. Siku hiyo sikuwa na kicheko. Arobaini ya Hamdi ilikuwa bado haijafika, na trekta lililomlalia kule mlimani likamuua lilikuwa limeegeshwa mbele ya msikiti, limeoshwa, jekundu, nguvu za farasi tisini, tairi la nyuma linanifika kidevuni. Dursun, mdogo wa marehemu, alikuwa ametangaza kwamba kesho yake Yakup, mtoto wa Hamdi aliyetoka jeshini juzijuzi, atapanda nalo akalime shamba la baba yake kabla theluji haijaanguka. Mjane, Zeliha, hataki kusikia. Anataka trekta liuzwe, wanunue dogo. Basi Dursun akasema benchi liamue kama trekta lina kosa au halina. Na hapa kwetu benchi likisema halina, kijana atapanda tu, maana akikataa ataitwa mwoga mpaka ndevu zake ziote mvi. Nikamimina chai. Hasira zilikuwa zimenijaa mpaka nikamwaga nyingine mezani.

Akaanza Bekir. Huyu tunamwita Konya, kwa sababu alipelekwa jeshini kule tambarare ya Konya enzi za ujana wake, na mpaka leo akili haijarudi.

Konya: Jamani, trekta halina kosa. Kule Konya farasi tisini ni la kuendea sokoni! Unaanza mstari mmoja asubuhi, ukifika mwisho wake umeshasahau umeacha nini jikoni.

Mimi: Hapa si Konya. Hapa ukiangusha kitunguu shambani, unakwenda kukiokota mtoni.

Konya: Ardhi ni ardhi, kaka. Penye miti hapana wajenzi!

Mimi: Sasa hiyo inahusu nini?

Konya: Fikiria.

Fundi Satılmış, mchomeleaji wetu, akakohoa. Tangu msiba alikuwa hakai benchi hili bila kukohoa kwanza.

Fundi: Kosa ni la udongo. Udongo wetu wa mfinyanzi ukinywa mvua ni sabuni. Hata dogo lingeteleza.

Mimi: Lile dogo lake la zamani Hamdi alilima nalo miaka yote, Fundi. Halikuteleza.

Fundi: Bahati. Ajali haina kinga, ndugu yangu.

Mimi: Kinga ilikuwepo. Ule upinde wa chuma nyuma ya kiti, wa kumkinga dereva trekta likipinduka. Wewe ndiye uliyeukata.

Fundi: Sasa ningefanyaje? Trekta halikupita mlango wa banda! Mlango ule ulijengwa kwa ng'ombe, kajenga babu yao. Ningekata mlango wa babu wa watu?

Fundi akainamia glasi yake, akakoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka.

Hapo Nuri akajinyoosha. Nuri ni Hakimu, si kwa kazi, bali kwa sababu alimshitaki binamu yake kuhusu mpaka wa shamba, akashinda kila siku mahakamani isipokuwa siku ya hukumu. Kesi za namna hiyo hapa kwetu haziishi. Babu zetu waligawana mlima kwa haki: kila mmoja alitaka kidogo cha rutuba ya chini na kidogo cha mawe ya juu, basi wakaukata kanda kanda kutoka kileleni mpaka bondeni. Kila mzee akifa, ukanda unakatwa tena. Wa Hamdi leo hauzidi upana wa barabara. Upande mmoja genge la kuporomokea bondeni, upande wa pili ukanda wa Dursun, na kati yao mstari wa mawe aliyoyapanga Dursun kwa mkono wake. Tairi likigusa mawe ya mtu, ni ugomvi wa ukoo.

Hakimu: Msikilizeni mtu anayejua sheria. Hamdi alipigwa jicho la husuda. Siku trekta linashushwa kwenye lori, nani hakulitazama?

Konya: Wewe ulilitazama kutushinda sote.

Hakimu: Mimi nilimpongeza!

Mimi: Ukampongeza, ee. Na kabla ya hapo kila asubuhi ulikuwa unamwuliza kama trekta lake dogo limeshaacha kunyonya.

Hakimu: Ule ulikuwa utani! Halafu nilikuwa namsaidia. Mtu ana kijana wa kuozesha, anazunguka na kitrekta cha farasi thelathini na tano, nani atampa binti? Utu uzima dawa!

Konya: Tena nyie hamjui. Mlima huu unatembea. Tangu wajenge bwawa kule chini, unayafuata maji. Hamdi alikuwa kasimama vizuri kabisa, mlima ndio ulioinama.

Fundi: Na dizeli. Dizeli ya siku hizi ni nyepesi, inanyanyua pua ya trekta.

Hakimu: Na wenye kiwanda wanalipima kwa dereva mnene. Hamdi, Mungu amrehemu, alikuwa mwembamba. Angekuwa anakula vizuri...

Nikaingia ndani kuosha glasi ambazo zilikuwa safi. Mtu tuliyecheza naye utotoni, wanasema alikufa kwa wembamba! Niliporudi, Dursun alikuwa ameweka viganja vyake juu ya magoti, kama mtu aliyemaliza kazi.

Dursun: Basi mmesema. Udongo, jicho, mlima. Trekta halina kosa. Kuliuza ni kumzika kaka yangu mara ya pili. Yakup anapanda kesho.

Mimi: Na mama yake?

Dursun: Anamlea kama yai. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Nilitaka kumwambia methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya mama kama huyu, lakini Konya alinigusa mkono. Zeliha alikuwa anavuka barabara. Hapa kwetu mwanamke hakanyagi mkahawa wa wanaume. Akimtaka mumewe hutuma mtu. Yeye akaja moja kwa moja mpaka mbele ya benchi, Yakup nyuma yake, na wanaume wote wakavuta miguu.

Dursun: Shemeji, rudi nyumbani. Tutakuja kukueleza.

Zeliha: Nimesikia, mnapiga kelele. Trekta halina kosa. Sawa. Mimi nina swali moja, mnijibu nimruhusu mwanangu. Akifika juu ya ukanda, atageuzia wapi?

Konya akageuka kuutazama mlima.

Dogo lilikuwa linageukia palepale ndani ya ukanda. Hili haliwezi, linataka upana mara mbili. Sote tulikuwa mlimani siku tunamtoa Hamdi, na sote tuliona alama za matairi. Zilikuwa zimekaribia mawe ya Dursun, kisha zikakata kuelekea gengeni. Hakuna jiwe hata moja lililoguswa. Tulishuka na jeneza, na hakuna aliyelisema.

Zeliha: Shemeji Dursun, atageuzia kwako?

Dursun alitazama mikono yake. Niliomba aseme ndiyo, wallahi niliomba, neno moja tu lingetosha. Hakimu akawa anatafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo. Zeliha akamgeukia mwanawe.

Zeliha: Haya. Yakup, liwashe. Tunashuka nalo mjini, likauzwe.

Kijana akapanda. Benchi likatetemeka kwa mngurumo, kisha tukasikia trekta likikata kona ya msikiti, likishika barabara ya bondeni. Mama yake alikuwa anatembea pembeni yake kwa miguu, hakugeuka.

Dursun akanisukumia glasi.

— Niongezee.

— Chai imekwisha, nikamwambia. Birika lilikuwa linatokota nyuma yangu, na sote tulilisikia.