Blandina na Damu Isiyo ya Siku Zake

Wasikilizaji wapendwa, mlikuwa mnaona. Msinikunjie uso, mlikuwa mnaona. Ninyi wa Mamba, ninyi wa Same mjini, hata wewe wa Ndungu uliyepanda mlimani kununua tangawizi. Mlimwona mwanamke ameketi pembeni mwa shamba, mkageuza macho kama mtu aliyekuta nguo za ndani za jirani kwenye kamba.

Leo tunamkumbuka mwanamke huyo. Jina lake Blandina, mkulima wa tangawizi wa Mamba. Amefariki kwa saratani ya shingo ya kizazi. Ilianza na matone ya damu kati ya hedhi moja na nyingine. Narudia: damu kati ya hedhi moja na nyingine. Usipunguze sauti ya redio eti mkwe yuko sebuleni. Mkwe naye asikie.

Blandina alikuwa mtu wa kuuliza. Mdogo wake, Eliwaza, aliyeolewa Usangi, anasimulia: "Wenzake tangawizi ikioza wanaitupa. Dada anaipasua, anainusa, anataka kujua uozo umeanzia wapi. Mama alikuwa anamwambia, wewe utakuja kumpasua mtu."

Sasa, kikundi chao cha wakulima kilikuwa na mwiko. Mwanamke aliye kwenye siku zake hakanyagi shamba la mbegu. Wanasema mbegu itaoza. Anakaa pembeni, anachambua mboga, anawapikia wenzake chai. Kama mwiko huo una maana au hauna, tuuache kwanza. Tazameni mwiko huo ulichofanya. Uliwaonyesha watu wote, peupe, nani anatokwa na damu na lini.

Na Blandina akawa anakaa pembeni. Akarudi shambani. Mwezi haujaisha, yuko pembeni tena.

"Blandina," akasema Justa, mwenyekiti wa kikundi, "wewe siku zako zinapandwa kwa umwagiliaji? Hazingoji msimu?"

Wakacheka. Mwingine akasema, "Mwacheni, amelichoka jembe."

"Jembe ndilo limenichoka mimi," Blandina akajibu, naye akacheka, huku anachochea moto wa chai.

Kikundi kizima kilijua. Hakuna aliyemwuliza, mama, una nini?

Justa alimpa ushauri. Aache tangawizi, inachemsha damu. Blandina, mtu wa kujaribu mambo, akaacha. Chai akanywa ya maziwa matupu. Damu ikatulia. Akafurahi kama mtu aliyegundua dawa. Kisha ikarudi.

"Mwenyekiti, tangawizi nimeiacha. Damu haijaniacha."

"Basi ni hicho kijiti chako."

Alikuwa na kijiti cha uzazi wa mpango mkononi. Na ni kweli, kijiti kinaweza kuvuruga hedhi. Akaenda zahanati, kikatolewa. Hakupimwa kitu kingine. Miezi ikapita. Damu ikaendelea, na sasa ilimtoka hata baada ya kulala na mumewe.

Mumewe anaitwa Gideoni. Anasema: "Aliniambia. Sasa mimi ningefanya nini? Nikamwambia mambo ya kina mama ayaongee na kina mama. Nikaenda kuwaangalia ng'ombe."

Ng'ombe walikuwa wazima, wasikilizaji.

Eliwaza alipokuja kumtembelea, alimkuta dada amekonda. "Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa hapa. Nina swali, na usinijibu kama Justa. Damu isiyo ya siku zake inatoka wapi?"

"Sijui, dada."

"Afadhali. Wewe ni wa kwanza kusema hujui. Twende tukamwulize anayejua."

Wakashuka kwa bodaboda mpaka hospitali. Daktari akamlaza, akawasha taa, akapaka kitu kwa pamba. Blandina, amelala vile vile, akauliza, "Daktari, mbona kunanukia kachumbari?"

"Ni siki, mama. Kwenye mabadiliko mabaya panageuka peupe."

"Kumbe. Na ningekuja mwanzoni pangegeuka?"

Daktari akaweka pamba chini. "Huenda tungeyaona yakiwa bado madogo. Tungeyaondoa hapa hapa, ukarudi nyumbani siku hiyo hiyo."

Akamweleza pia kwamba damu ya namna hiyo ina sababu nyingi, na nyingi haziui. Inaweza kuwa dawa za uzazi wa mpango, maambukizi, uvimbe kwenye kizazi au mimba iliyoharibika. Lakini kwa kukisia huwezi kujua ni ipi. Mpaka upimwe. Narudia: mpaka upimwe.

Walikata kinyama kidogo, kikapelekwa maabara. Majibu yalikuwa saratani, na ilikwisha kusambaa. Akapelekwa hospitali ya rufaa kwa mionzi. Hakupona. Kabla ya kufa alimwambia Eliwaza, "Msiniandikie kwamba niliugua kwa muda mrefu. Hilo si jina la ugonjwa."

Siku ya mazishi, pale Mamba, Eliwaza akasimama kusoma wasifu. Baba yao mdogo, mzee Eliufoo, akamvuta kitenge. "Mwanangu, usilitaje hilo. Hapa kuna watoto."

"Baba mdogo, hao watoto wana mama zao."

Akasoma. Akataja shingo ya kizazi mbele ya mchungaji na kwaya nzima. Watu wakatazama viatu vyao.

Lakini kule jikoni, kwenye masufuria ya makande, Justa mwenyewe alimfuata, sauti ya chini. "Eliwaza. Mimi hedhi ilishakoma miaka. Na juzi nimeona damu. Hiyo nayo?"

"Hiyo nayo, mama. Tena hiyo haingoji. Kesho tunashuka wote."

Wakashuka. Majibu ya Justa ni ya Justa.

Kwa Gideoni, kwa watoto, kwa Eliwaza na mzee Eliufoo: poleni sana. Bwana awafariji. Na sisi tuliobaki tujiulize: ni wangapi tumewaona, tukachagua kucheka?

Mama, ukitokwa na damu isiyo ya siku zako, au baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, nenda kituo cha afya. Sema neno lenyewe, damu, na utake kuchunguzwa shingo ya kizazi. Ukipewa vidonge bila kuchunguzwa, usiinuke kwenye benchi. Na wewe mwanaume unayenisikiliza, mwache ng'ombe asubiri. Mwulize mkeo sasa hivi kama anatokwa na damu ya namna hiyo, kabla sijazima kipaza sauti hiki, na akisema ndiyo, ita bodaboda.