Kumi na Moja Kati ya Mia

Benchi liko mbele ya duka langu la fotokopi, limeegemea ukuta, mguu wake mmoja umekalishwa juu ya tofali. Kila saa kumi jioni hukaliwa na watu walewale: Mkaguzi, mwalimu mstaafu ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, alibakiza kidogo tu awe mkaguzi wa shule; Silensa, fundi magari, aliyeitwa hivyo kwa sababu sauti yake haina kifaa hicho cha kuzuia kelele; na Fundi, mshonaji wa duka la pili, asiye na jina la utani wala maneno mengi. Birika la kahawa huletwa na Silensa, maarifa na Mkaguzi. Juzi Fundi alileta karatasi. Mkewe alifanyiwa upasuaji wa titi mwezi uliopita, uvimbe wa saratani ukatolewa, na hospitali ikasema kuna kipimo cha jeni kitakachosaidia kujua kama anahitaji dripu za dawa kali au vidonge vitatosha. Majibu yalikuwa yametoka siku nne kabla, Fundi ndiye aliyeyachukua. Miadi ilikuwa kesho yake saa tatu asubuhi. Mgonjwa mwenyewe alikuwa hajayaona.

— Soma wewe, Mkaguzi, alisema Fundi. Macho yangu yamekataa.

Mkaguzi akavaa miwani, akakohoa kama anatangaza matokeo ya nchi nzima.

— "Utendaji wa jeni katika sampuli: kumi na moja kati ya mia. Kundi: chini."

— Kumi na moja? aliuliza Silensa. Amefeli, kaka!

— Kufeli ni thelathini, alisema Mkaguzi. Mimi kumi na moja nilikuwa nampa mtoto aliyeandika jina lake tu.

Fundi akainama.

— Ndiyo maana nimemficha. Mtu hata nyuzi hazijakauka, nimwambie amepata kumi na moja?

— Kata rufaa, wasahihishe upya. Siku ile alikuwa amekula?

— Walimkataza.

— Umeona! Mtu ana njaa, ulitegemea apate ngapi?

— Wewe kila kitu kwako mtihani, alidakia Silensa. Jeni ni plagi, bwana. Mtu ana plagi mia, zinazochoma ni kumi na moja. Gari la hivyo hata tuta halipandi. Hapo ni dripu, tena kali, zimzibue.

— Dripu zinazibua jeni? aliuliza Mkaguzi.

— Sasa zinafanya nini?

Hakuna aliyejua dripu zinafanya nini, kwa hiyo zikabaki kuwa za kuzibua.

— Lakini daktari alisema zina adha, alisema Fundi. Nywele, kutapika. Alisema si kila mtu zinamsaidia, ndiyo sababu wakapima.

— Basi mwenye namba ndogo hazimsaidii, alisema Mkaguzi. Ni kama masomo ya ziada. Mtoto wa kumi na moja unampotezea muda.

— Yaani wamemkatia tamaa?

— Nazungumza kitaalamu.

— Kitaalamu mke wangu afe?

Mkaguzi akanywa kahawa ambayo kikombeni haikuwamo.

— Tulieni, alisema Silensa. Dada yake si yupo? Gari likizima, unaunga waya kwenye gari zima, linawaka. Wale wamezaliwa tumbo moja, plagi zinaingiliana.

— Huyo dada mtu nilimfundisha, alisema Mkaguzi kwa matumaini mapya. Akili sana. Hapungui sabini.

Fundi akanigeukia.

— Dada wa fotokopi, wewe si umesoma chuo kikuu?

— Nilisoma uchumi, nikasema, nikajifanya karatasi imekwama kwenye mashine. Asubuhi nilikuwa nimemtolea kopi mbili, nikaisoma ile karatasi, nikaona nimeelewa: kumi na moja, amefeli.

— Basi nimeamua, alisema Fundi. Leo namwambia daktari kasafiri, miadi imesogezwa mwezi ujao. Hapo katikati tutafute hospitali nyingine, apimwe upya, akiwa ameshiba.

— Hapo umenena! walisema wote wawili kwa pamoja. Sijawahi kuwasikia wakikubaliana.

— Daktari hajasafiri, ilisema sauti ya mwanamke. Amenipigia simu sasa hivi.

Alikuwa mke wa Fundi, amesimama pembeni ya benchi, mkono mmoja ameubana ubavuni. Silensa akaruka kumpisha.

— Karibu, shemeji! Keti, keti.

— Nimeketi mwezi mzima. Ananiuliza kama majibu yangu nimeyasoma. Yako wapi, baba watoto?

Fundi akampa karatasi. Aliisoma polepole, akarudia.

— Kumi na moja ya nani?

— Yako, mama watoto, alisema Fundi kwa upole. Usivunjike moyo.

— Hapa wameandika sampuli. Walichokipima ni mimi, au ule uvimbe walioutoa?

Aliigonga karatasi kwa kidole.

— Kama ni uvimbe, aliyefeli ni nani?

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena; karatasi ilikuwa vilevile. Silensa alinitazama mimi. Mimi nikatazama mashine.

— Mteja akikuletea namba tupu, mke alimwambia mumewe, hajasema ni ya kiuno au ya mkono, wewe unakata kitambaa?

— Sikati.

— Basi.

Akaikunja karatasi, akaitia kwenye pochi.

— Kesho nakwenda kumuuliza aliyeiandika.

— Nikusindikize?

— Njoo. Lakini ukifika kule, swali ni langu.

Wakaondoka taratibu, Fundi hatua moja nyuma. Silensa alisubiri wapite kona.

— Mkaguzi, alisema, na kwa mara ya kwanza alinong'ona. Kama aliyepata kumi na moja ni uvimbe, si tufurahi?

Mkaguzi akamimina kahawa iliyobaki kwenye birika.

— Sijui, alisema.