Shukrani kwa Nyumba Isiyo na Lenta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa mlioongozana naye kutoka wilayani, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji, baba mchungaji na shehe wetu, ambao leo mmeiombea nyumba moja dua mbili, na baadaye mtaona kwamba hazikuzidi, Mzee Ibrahimu, Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi, Ndugu Filipo, fundi mkuu wa kazi hii, Mwalimu Mkuu na walimu wenzangu, wazazi wetu, na ninyi wanafunzi mliosimama juani tangu asubuhi ili sisi wakubwa tukae chini ya turubai: mbukwenyi, shikamooni, na habari za mchana.

Kwa msionifahamu, naitwa Mwalimu Evodia. Nafundisha Kiswahili katika shule hii. Ratiba inasema nitoe shukrani kwa niaba ya walimu, kisha nipokee ufunguo ule uliofunikwa kitambaa cha kufuma, kisha Mgeni Rasmi akate utepe, kisha twende kwenye chakula. Nyumba ni yangu nikiitaka. Nisipoitaka, nimeambiwa kwa upole sana, kesho asubuhi ataingia Mwalimu Debora, yule pale nyuma mwenye mtoto mgongoni. Kwa hiyo nina uamuzi wa kufanya mbele yenu. Na kwa kuwa shukrani za juu juu ni utovu wa adabu, mniwie radhi, nitashukuru kitu kimoja kimoja.

Kwanza naishukuru nyumba ninayokaa sasa, ile iliyo nyuma ya darasa la saba, kwa sababu ndiyo iliyonisomesha. Mvua za kwanza nilizozipata humo zilinifuata mpaka kitandani. Nikatoa taarifa. Akaja fundi, akapiga msumari pale palipovuja, pakavuja pembeni. Akapiga na pembeni, pakavuja jikoni. Mpaka mvua zinakatika nilikuwa na misumari mingi na ndoo nyingi, ila paa sikuwa nalo. Choo nacho kikaanza kurudisha kila ulichokikabidhi. Nilipolalamika nikaambiwa nivumilie, maana mwalimu ni mshumaa, anaungua ili wengine waone. Mshumaa, jamani, ndani ya nyumba inayovuja!

Likizo iliyofuata nikaenda mjini kusoma kozi fupi ya misingi ya ujenzi katika chuo cha ufundi. Wapo waliosema hapa kijijini kwamba mwalimu ameishiwa la kufanya, na wapo waliosema anatafuta mume fundi. Nawashukuru wote kwa kunifikiria. Huko nilifundishwa na mama mmoja wa Kondoa, Mwalimu Mwantum, ambaye hakuwa na muda wa kumbembeleza mtu. Siku ya kwanza alituambia kwamba msumari wa bati hupigwa mgongoni, palipoinuka, si bondeni, kwa kuwa bondeni ndiko maji yanakopita. Msimu wote ule fundi wangu alikuwa akiyatobolea maji njia ya kuingilia, na mimi nikimwandalia chai.

Nilirudi, nikavaa suruali, nikapanda juu ya paa, nikang'oa, nikaziba, nikapigilia upya. Mzee Ibrahimu alipita akaniambia kwamba si vizuri mwalimu wa kike kuonekana juu ya paa. Nilikubaliana naye nikiwa huko huko juu. Baada ya hapo nikafukua chemba ya choo, nikagundua bomba lilikuwa limelazwa likipanda kilima. Sikurudi na cheti cha uinjinia, ndugu zangu. Nilirudi na timazi, na ubishi.

Sasa nije kwenye nyumba hii mpya.

Nawashukuru akina mama wa kijiji hiki. Ninyi mnajua kiangazi cha kwetu kilivyo. Kisima kiko mbali, na punda wenyewe walikuwa wakisimama njiani wakigoma. Bado mlileta maji, madumu kwa madumu, mkaambiwa ni ya ujenzi. Ndivyo inavyotakiwa: tofali likishafyatuliwa linamwagiwa maji, zege likishamwagwa linamwagiwa maji, kila siku, mpaka likomae. Ukilinyima maji linakauka kwa nje na kubaki unga kwa ndani. Lakini waheshimiwa wageni, mliposhuka kwenye magari yenu, mliona vumbi lolote? Hamkuliona. Basi maji ya akina mama ndiyo hayo mnayoyakanyaga. Uwanja huu umekomaa vizuri mno, hongereni kamati.

Nimshukuru Ndugu Filipo kwa kasi yake. Mafundi wengine wangesubiri tofali likauke na kupata nguvu, maana wao huanza na nyumba halafu ndiyo hutafuta tarehe ya kuizindua. Sisi tulianza na tarehe. Ilipotangazwa kwamba Mgeni Rasmi anakuja, tofali zikawa zinatoka kwenye kibao cha kufyatulia zikiwa bado mbichi na kupandishwa ukutani, mstari juu ya mstari, na mwenye swali aliambiwa asicheleweshe maendeleo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hawakumjua Filipo. Yeye ameokoa muda, amejenga ukuta unaokuja na ufa wake.

Tena nani aliyetundika yale maua ya plastiki juu ya mlango? Simjui, lakini ana jicho la ajabu. Ameyaweka pale pale panapostahili kufunikwa, wala hayakupelea. Na mapazia! Ni nyumba ipi nyingine katika kata hii iliyotundikwa mapazia mazito kabla haijapata hata kiti? Naomba yeyote atakayeingia asiyasogeze. Yanafanya kazi kubwa kuliko lenta, hasa kwa kuwa lenta haipo.

Naona Mheshimiwa Diwani amenigeukia. Ndiyo, nimesema haipo. Kwa wasiojua, lenta ni ule mkanda wa zege wenye nondo ndani, unaozunguka nyumba juu ya madirisha na milango. Huo ndio unaozishika kuta zisiachane, na ndio unaobeba tofali zilizo juu ya dirisha. Nyumba isiyo na lenta husimama, sikatai. Husimama mpaka itakapochoka.

Mimi nilianza kuona nyufa mapema, nyembamba, zikipanda kutoka kona za madirisha. Nikaambiwa nyumba mpya hujinyoosha. Huenda. Nikafanya alichonifundisha Mwalimu Mwantum: nikakata ukanda wa karatasi, nikaubandika kwa uji mzito juu ya ufa, upande huu na upande ule, nikaondoka. Kama ufa umetulia, karatasi inabaki nzima. Niliporudi wiki iliyofuata karatasi ilikuwa imechanika katikati. Nikabandika nyingine. Nayo ikachanika. Ukuta unatembea, ndugu zangu, na siku hiyo hiyo ndipo rangi ilipoletwa.

Nikamuuliza Ndugu Filipo: zile nondo ndefu za lenta, ambazo wazazi walizipokea kwenye lori kwa vigelegele, ziko wapi? Nampongeza kwa ukweli wake, kwa sababu hakujiumauma. Alinionyesha kwa kidole pale.

"Mwalimu," akasema, "nondo hazijapotea. Zimekaa penye heshima zaidi."

Geukeni mtazame, tafadhali. Jiwe la uzinduzi lile. Marumaru safi, maandishi ya dhahabu, jina la Mgeni Rasmi limeandikwa kwa herufi zinazosomeka hadi barabara ya Mvumi. Chini yake nguzo nene, imejaa nondo zetu kuanzia msingi hadi kichwani. Zege lake lilinyweshwa maji asubuhi na jioni, likafunikwa magunia mabichi kama mgonjwa wa homa. Nililipima kwa timazi, ile kamba yenye uzito mwishoni, nikakuta limenyooka kabisa. Nikaja kuupima ukuta wa chumba cha kulala, kamba ikaenda huku na ukuta ukaenda kule. Kwa hiyo ni uongo kusema kwamba hatujui kujenga. Tunajua sana. Tulichagua tu cha kujenga.

Nilimwendea Mzee Ibrahimu nyumbani kwake, nikamwamkia, nikamweleza kwa heshima zote. Alinisikiliza vizuri. Akanikumbusha kwamba kijiji cha jirani jiwe lao liliyumba kiongozi alipovuta kitambaa, na mpaka leo wanachekwa. "Mwalimu," akaniambia, "jiwe likianguka mbele ya wageni tutasemwa mpaka Kondoa." Nikamwelewa, na sidhani kwamba ni mtu mbaya. Jiwe likianguka tutasemwa mpaka Kondoa. Ukuta ukimwangukia mwalimu tutasemwa hapa hapa, tena kwa muda mfupi, halafu tutaletewa mwalimu mwingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa. Kwetu mgeni amekuja, na aliyepona ni jiwe.

Msinielewe vibaya, siombi livunjwe. Zile nondo zilishakatwa vipande, hata tukizifukua hazitashika hata kidirisha cha choo. Na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, najua hukuagiza nguzo hii. Jina lako limebebeshwa nondo za watu bila wewe kuulizwa, na samahani kwamba unalisikia hili ukiwa umekaa kwenye kiti cha mbele, mahali ambapo mtu hawezi hata kukohoa bila kupigwa picha.

Ningeweza kuishia hapa, nikasema asante sitaki, nikarudi zangu nyuma ya darasa la saba. Jana nilikuwa nimeamua hivyo. Nikapita humu ndani jioni kuangalia mara ya mwisho, nikamkuta Mwalimu Debora amepiga magoti anadeki sakafu. Wengi wenu hamjui anapokaa. Anakaa stoo ya shule, kati ya madawati mabovu na magunia ya mahindi ya uji, yeye na mtoto, na panya wanawapitia juu. Alikuwa ameshaleta kigodoro cha mtoto. Amekitandika chini ya dirisha la chumbani, kwa sababu pana upepo. Ni chini ya ufa ule ule niliouwekea karatasi.

Nikamwonyesha. Nikamweleza lenta ni nini, kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akanishika mkono.

"Dada, naomba usiseme," akaniambia. "Ukisema, watatunyima hata hii."

Hapo kejeli iliniishia. Niliumia, ndugu zangu, na mpaka sasa ninavyozungumza bado naumia. Huyu ni mwalimu aliyesoma, ameajiriwa, anawafundisha watoto wenu kusoma na kuandika, na tumemfikisha mahali ambapo anaona afadhali kumlaza mwanawe chini ya ukuta unaotembea kuliko kuonekana mtu asiye na shukrani. Nani aliyemfundisha hivyo? Si sisi, kwa kila sherehe ya namna hii, kwa kila makofi tunayopiga mbele ya kitu ambacho kila mmoja wetu anajua kwamba kina kasoro? Akina mama mnajua maji yenu yalikokwenda. Vijana mliochanganya zege mnajua. Mimi pia nilijua, na asubuhi hii nimevaa kitenge cha sare kama wengine.

Debora, mdogo wangu, nisamehe. Nimesema.

Sasa kuhusu ufunguo. Nikiukataa, ataupokea yeye, kwa sababu hana ujasiri wa kukataa na ana kila sababu ya kukubali. Kwa hiyo siukatai. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba usimame unikabidhi, mbele ya watu wote, na wapiga picha wasogee karibu.

Asante sana. Nimeupokea.

Kuanzia dakika hii nyumba ni yangu, na mwenye nyumba ana haki ya kuamua nani alale ndani. Hatalala mtu. Mlango utabaki umefungwa, na ufunguo utakaa kwangu, mpaka tofali zote zilizo juu ya madirisha zishushwe, lenta imwagwe kwa nondo nzima, na zege linywe maji yake. Akina mama, nitawaomba mlete maji tena, na nitasimama hapa nikiyaangalia yanakoingia. Ndugu Filipo, wewe ni fundi mzuri, tumeshaona pale kwenye jiwe unachoweza kufanya ukiogopa kuchekwa. Nakuomba uiogope nyumba hii hivyo hivyo. Mzee Ibrahimu, ukija kunisema nyumbani utanikuta, na chai nitachemsha. Debora, chukua godoro lako uhamie kwangu leo, tutabanana.

Na wewe, Mheshimiwa, utepe nakuomba usiukate. Siku kazi itakapokamilika tutakuita, na hatutakualika kwa ngoma wala pilau. Nitakuomba tu uingie chumbani uketi chini ya lile dirisha, na huyu mtoto umpakate. Hana cheo, itifaki haijui, na hajajua hata kutambaa. Ukuta ukija, hana pa kukimbilia.

Nawashukuru kwa kunivumilia mpaka mwisho. Na sasa, ninyi mlioegemea ukuta pale, tafadhali, sogeeni huku.