Ukoo Wako Upakie Magunia

Wazee wangu, shikamooni. Nanyi vijana mliomaliza shule, mliokaa pale mbele na mashati yaliyopigwa pasi mpaka yanasimama yenyewe, fungueni masikio. Padre ameniomba nieleze jinsi Mungu alivyonitoa kwenye shamba la mkonge. Nitaeleza. Ila msitegemee maneno matamu, maana barua zenu za kuomba kazi mlizonipa nizipeleke stesheni ya reli ninakofanya kazi nimezisoma, na zimenikumbusha ujinga wangu.

Mimi nami nilimaliza shule hii hii ya misheni. Nilijua kusoma, hesabu na nyimbo za Kijerumani, basi kijijini nilitembea utadhani mvua inaniomba ruhusa kunyesha. Wakati ule akida wa serikali ya Wajerumani alikuwa ametangaza: kijana asiye na kazi ya kuonyesha atapelekwa kukata mkonge kwa Mzungu, huko mbele ya Mikese. Mama alikuwa hali kwa hofu. Nikamwambia, "Mama, mimi msomi. Naandika barua, wananiita stesheni Morogoro, yamekwisha."

Nikaandika. Lo! Ukurasa wa kwanza wote salamu: Bwana Mkubwa, simba wa reli, mimi mtumwa wako, vumbi la viatu vyako. Wa pili, ukoo. Ndugu zangu, mnajua kwetu milimani: ukitaka kipande cha shamba unataja lukolo, ukoo wa mama yako, unataja na wa baba, wazee wanatikisa kichwa, unapewa. Basi nikamtajia Mjerumani ukoo wangu mpaka kwa bibi aliyewazaa bibi zetu. Mjerumani! Mtu asiyejua hata mlima wetu unaitwaje! Mwisho kabisa nikatia kwamba nimesoma sana.

Nikaipeleka mwenyewe. Yule Mjerumani, Bwana wa stesheni, alimpa mkalimani wake aisome kwa sauti mbele ya wapagazi. Na yule mkalimani, kichwa kitupu kilichovaa kofia, akaisoma kwa madaha. Wapagazi walicheka mpaka wakakalia magunia. Bwana wa stesheni akaniuliza, "Umewahi kufanya kazi gani?"

"Nimesoma, Bwana."

"Hilo nimesikia. Umefanya nini?"

Akanirudishia makaratasi yangu. "Haya, ukoo wako upakie magunia."

Wiki ile ile akida akanichukua. Nawaambia, mkonge haujali kama umesoma. Ulinichoma mikono ikavimba, usaha ukatoka. Nilijionea aibu, na nilimchukia kila mtu aliyewahi kuniita msomi.

Aliyenitoa kule si malaika. Ni dada yangu, na ulimi wake mnaujua. Siku ya mapumziko alikuja kuniletea ugali. Akaitazama mikono yangu, akalia. Kisha akafuta machozi, akaanza.

"Kwenye barua uliandika nini?"

Nikamsimulia.

"Mjinga wewe! Masika yote, mboga za misheni zikishuka kwa punda kwenda mjini, nani alikuwa anazipokea?"

"Mimi, dada."

"Nani aligundua kabichi zinaoza kwa sababu zinafungwa zikiwa zimelowa?"

"Mimi."

"Na wachukuzi waliokuwa wanapigana kila asubuhi, nani aliwapangia zamu?"

"Mimi. Lakini dada, ile si elimu. Ile kazi tu."

"Kwani Mzungu wa stesheni anatafuta nini pale? Padre, au karani wa mizigo?"

Kazi niliyoiweza nilikuwa nimeificha kwa sababu ilinuka punda. Nikaitoa ile barua niliyorudishiwa, nikaigeuza, nikaandika mgongoni mwake mistari michache: nimepokea mboga za misheni, nimepanga wachukuzi, mzigo ukipungua njiani najua pa kuulizia, na padre ni shahidi. Dada akaipeleka mwenyewe kwa miguu mpaka stesheni. Baada ya siku chache yule Bwana wa stesheni akaniombea ruhusa shambani, akaniita. Akanionyesha magunia ya maharage. Nikayashika. "Bwana, haya yana unyevu. Yakipanda gari la moshi hivi, yatashuka yameota." Hakucheka. Siku ile ile nikavaa beji ya karani.

Namshukuru padre aliyenishuhudia. Dada, wewe uliyerudi nyumbani miguu imevimba, nasema mbele ya watu wote: bila wewe ningekuwa kule mpaka leo.

Sasa barua zenu hizi hapa. Simba wa reli wamejaa humu, sijui nani atawalisha. Wewe uliyeandika kwamba mjomba wako ni jumbe wa kijiji, atakuja kukukatia mkonge? Na wewe mwenye kurasa tatu za mwandiko wa maua, nimezimaliza zote na bado sijui unaweza hata kufunga kamba! Andikeni mlichofanya, hata kama kinanuka, na mtaje aliyewaona mkikifanya.

Yumo mmoja tu, simtaji, aliyeandika hivi: "Masika iliyopita niliwashusha punda wa misheni kwenye utelezi, na hakuanguka hata mmoja." Basi. Hiyo inabaki mfukoni mwangu mpaka stesheni. Nyie wengine njooni mchukue zenu mkaandike upya. Akida anakuja Jumatatu.